Pale sakafu ya bwawa inapokatika: kisa cha mwogeleaji mwenye hofu mbili

Mwogeleaji wa kisa hiki ni mwanamke aliyeanza kujifunza kuogelea ukubwani. Jina lake halina kazi hapa. Kwenye kina kifupi anaogelea vizuri: anatoa pumzi ndani ya maji bila papara, mwili umelala, miguu iko juu. Hukata upana wa bwawa mara kadhaa mfululizo bila kugusa chini. Shida yake ina mahali pake maalumu. Sakafu ya bwawa analojifunzia ni tambarare kwenye kina cha mita 1.2, kisha inateremka kwa ghafla hadi mita 3. Akifika juu ya mteremko huo kichwa kinainuka, mikono inaacha kuvuta maji kwenda nyuma na kuanza kuyakandamiza kwenda chini, miguu inashuka, naye anageuza kurudi alikotoka huku pumzi zikimkatika.

Alipokuja kwangu alikuwa ameshaelezwa kila kitu. Alishaambiwa kwamba nguvu inayombeba mtu majini ni sawa na uzito wa maji ambayo mwili wake umeyasukuma kando, na kwamba kuwa na mita tatu au thelathini za maji chini ya tumbo hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Alishaambiwa pia ajikaze.

"Najua, Mwalimu," aliniambia. "Nikiwa nimekaa hapa kwenye benchi najua kabisa. Nikifika pale kwenye mteremko sijui tena."

Maelezo aliyopewa ni sahihi, na ndiyo maana hayakumsaidia. Hakuwa na upungufu wa elimu ya fizikia, kwa hiyo kumwongezea fizikia kulikuwa kupoteza muda wake.

Sisi tunaofundisha kuogelea hali hii huwa tunaiita kuogopa maji marefu, kisha tunaishia hapo. Naona jina hilo linachanganya mambo mawili yaliyokutana mahali pamoja. Juu ya ukingo ule mwogeleaji anaona sakafu ikimtoka chini ya mwili, jambo ambalo jicho hulisoma kama korongo. Wakati huohuo anajua kwamba akitaka kusimama miguu haitafika. La kwanza ni hofu ya kuanguka iliyovaa nguo za kuogelea. La pili ndiyo hofu ya maji marefu yenyewe, yaani ya kukosa mahali pa kukanyaga huku hewa ikiwa juu na mwili ukiwa chini. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na mazoezi ya kuziondoa hayafanani. Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote nilitaka kujua ninashughulika na ipi.

Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kumvua miwani. Sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya mwanga ndani ya jicho hufanywa na konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na konea hufanya kazi hiyo kwa sababu mbele yake kuna hewa. Ikigusana na maji moja kwa moja, karibu nguvu yake yote inapotea, na kila kitu chini ya maji kinakuwa ukungu. Vigae vya sakafu havina tena mistari. Nilimwomba aogelee bila miwani kandokando ya ukuta, umbali ambao mkono ungeufikia, nami nikiwa majini ubavuni mwake.

Akapita. Alivuka mteremko na kwenda mita kadhaa zaidi, kichwa kikiwa kimetulia na miguu ikiwa juu. Hakugundua amevuka. Alisimama pale alipotaka kupumzika, akashusha miguu kama alivyozoea, isikute kitu. Hapo alishtuka vibaya sana. Aliudaka ukuta kwa mikono yote miwili na kwa muda hakuweza kuzungumza. Huo haukuwa ule mshtuko wa kila siku wa kugeuza njia. Ulikuja kwa kasi zaidi, ukaanzia miguuni, na ulimfanya atafute kitu cha kushika badala ya mahali pa kurudi.

Jibu likawa wazi: anazo zote mbili, kwa mpangilio. Akiwa na miwani, jicho humzuia mapema kiasi kwamba miguu haipati nafasi ya kulalamika. Akiwa bila miwani, jicho hunyamaza, na miguu hulalamika baadaye.

Kulikuwa na dalili nyingine nje ya maji. Nilimuuliza kuhusu ngazi. Alisema ngazi za kawaida hazimsumbui, ila zile zenye mapengo kati ya kipandio na kipandio, ambazo mtu huona chini kabisa kupitia miguuni mwake, huzipanda akitazama ukuta. Hilo ni jambo la kawaida mno. Utafiti mmoja uliofanywa Ujerumani na kikundi alichomo daktari wa neva Thomas Brandt ulikuta kwamba takriban asilimia 28 ya watu wazima wamewahi kusumbuliwa na hali ya kutovumilia kutazama kutoka juu, ingawa wengi wao hawafikii kiwango cha kuitwa wagonjwa. Kwa mwanafunzi wangu dalili hii ilinionyesha kwamba ile hofu ya jicho hakuipata bwawani. Alikuja nayo.

Sasa jicho lenyewe linaona nini? Sakafu ya bwawa hilo imewekwa vigae vya mraba vinavyolingana. Ukiogelea juu ya kina kifupi, vigae ni vikubwa na vinapita haraka chini yako. Ukivuka ukingo, vigae vilevile vinakuwa vidogo na mwendo wao unapungua, ilhali wewe hujapunguza kasi. Ishara hizo mbili, ukubwa wa michoro na kasi yake mtazamaji anaposogea, ndizo zilizomo ndani ya jaribio maarufu kuliko yote katika habari hii.

Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la meza ya kioo. Katikati ya kioo kinene kulikuwa na ubao. Upande mmoja, kitambaa chenye miraba kilibandikwa chini ya kioo moja kwa moja, kikaonekana kama sakafu iliyo karibu. Upande wa pili kitambaa hichohicho kiliwekwa sakafuni chini kabisa, ikaonekana kana kwamba meza imekatika ghafla. Watoto 36 wa kati ya miezi 6 na 14 waliwekwa mmoja mmoja juu ya ubao, na mama akamwita mtoto wake kutoka upande huu na kisha upande ule. Watoto 27 walitoka kwenye ubao, na wote walitambaa upande wa karibu angalau mara moja. Waliothubutu kutambaa upande wa korongo walikuwa 3 tu.

Jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu hizo hutajwa mara chache. Baadhi ya watoto walikipapasa kioo cha upande wa korongo kwa mikono. Walikuwa wanakigusa kitu kigumu kinachoweza kuwabeba, na bado walikataa kupita. Mkono ulisema pana sakafu, jicho likasema hapana, na jicho ndilo lililosikilizwa. Mwanafunzi wangu yuko kwenye kioo hichohicho. Mwili wake mzima unahisi maji yakimbeba. Ameshabebwa nayo tangu mwanzo wa upana wa bwawa. Lakini miraba imepungua ukubwa, na ushahidi wa ngozi hauna sauti mbele ya ushahidi wa macho. Kumwambia kwamba maji yanabeba ni kumwambia jambo ambalo mikono yake inalishuhudia tayari.

Jaribio la Cornell mara nyingi husimuliwa kama uthibitisho kwamba binadamu huzaliwa akiogopa kina. Halithibitishi hivyo, kwa sababu watoto wote waliojaribiwa walikuwa tayari wanatambaa. Mwaka 1970 Joseph Campos na wenzake walichukua vichanga wa takriban miezi 2, wasioweza kujisogeza, wakawalaza kifudifudi juu ya kioo na kupima mapigo ya moyo. Upande wa korongo mapigo yalipungua. Moyo wa mtoto aliyeogopa huenda mbio. Unaopunguza mwendo ni wa mtoto aliyevutiwa na kitu anachokitazama. Kwa hiyo vichanga wale waliona tofauti kati ya pande mbili, lakini tofauti hiyo haikuwatisha. Kazi zilizofuata za Campos na wenzake zilionyesha kwamba uangalifu mbele ya kina hujitokeza baada ya mtoto kujisogeza mwenyewe kwa muda fulani, na kwamba wiki alizotambaa zina uzito kuliko umri wake.

Kwa paka wadogo jambo hili lilishaonekana mwaka 1963. Richard Held na Alan Hein waliwaunganisha wawili wawili kwenye chombo cha kuzunguka: mmoja alitembea kwa miguu yake, mwingine alibebwa na kuona mandhari ileile bila kujiendesha. Walipowekwa kwenye meza ya korongo, aliyetembea aliliepuka korongo na aliyebebwa hakuliepuka.

Kipi basi ni cha kuzaliwa? Mwitiko wa kuachiwa ni wa kuzaliwa. Ernst Moro, daktari wa watoto mwenye asili ya Austria aliyefanya kazi Ujerumani, aliueleza mwaka 1918 ule mwitiko ambao sasa unaitwa kwa jina lake: kichanga akihisi kichwa kinaanguka nyuma kidogo, hutupa mikono nje, kisha huikusanya kifuani kama anayekumbatia, na mara nyingi hulia. Hahitaji macho kwa hilo. Sikio la ndani, ambalo huhisi mwendo wa kichwa, linatosha, na mwitiko huo hufifia ndani ya miezi michache ya kwanza. Uwezo wa kuona kina nao huja mapema. Kinachokosekana ni kiungo kati ya vitu hivyo viwili, yaani kujua kwamba miraba midogo iliyo mbali ni mahali ambapo mwili wangu unaweza kuachiwa. Kiungo hicho karibu kila mtu hukipata, kwa sababu karibu kila mtu hujifunza kujisogeza, ndiyo maana kinaonekana kama silika tupu. Binafsi sioni ubaya wa kuiita silika mradi ikumbukwe kwamba imepitia magotini na viganjani mwa mtoto anayetambaa. Kilichojengwa kwa kutambaa kinaweza kuongezewa jengo kwa kuogelea.

Kwa upande wa maji, Carolina Burnay na Rita Cordovil wa Ureno walichapisha mwaka 2016 jaribio lililowapa watoto kingo halisi, moja kavu na moja yenye maji marefu chini yake. Hapo pia muda wa kutambaa ndio uliotabiri nani angejizuia. Kazi iliyofuata iliweka mteremko mpole unaoingia majini badala ya ukingo uliokatika, na watoto wengi zaidi waliendelea kwenda. Hilo naliona kila siku bwawani: wanaoanza huingia kina kirefu bila neno pale sakafu inaposhuka polepole, na hukataa kina hichohicho pale inapokatika. Kwa wazazi lina maana nyingine, na nalisema kwa kupita tu kwa kuwa si kisa chetu: mtoto mdogo asitegemewe kujilinda mwenyewe mbele ya maji, hasa yanayoingilika taratibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu takriban 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Nirudi kwenye jicho. Mwanafunzi alinieleza kwamba akivuka ukingo akiwa na miwani huhisi "amesimama hewani". Maneno hayo niliyachukua kwa uzito. Brandt na wenzake walieleza mwaka 1980 kwa nini mtu akisimama mahali pa juu huyumba: mwili hujisawazisha kwa kuangalia jinsi vitu vya karibu vinavyosogea kila unapoyumba kidogo, na vitu vikiwa mbali, msogeo huo huwa mdogo mno kuonekana. Mtu anapoteza taarifa, anayumba zaidi, na kuyumba huko hukitia chumvi kizunguzungu. Juu ya sakafu ya mita 3 kitu cha namna hiyo hutokea kwa mwogeleaji. Vigae vimepunguza mwendo, kwa hiyo jicho linatoa taarifa kwamba hasogei, au anasogea kidogo sana. Mtu anayeamini kwamba amesimama juu ya korongo hufanya ambalo mtu yeyote angelifanya, hutafuta kujishikiza. Ndiyo maana mikono yake ilikuwa ikikandamiza maji kwenda chini. Mwalimu aliyetangulia alikuwa akiirekebisha mikono hiyo kama kosa la mtindo.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Maji yanapinda mwanga, na mtu anayetazama chini kwa miwani huona sakafu imekaribia kwa karibu robo ya umbali. Mita 3 zinaonekana kama mita 2 na robo. Jicho lake lilikuwa linapunguza kina, na bado lilimtisha.

Hofu ya miguu ina mitambo mingine kabisa. Mwili wa binadamu wengi huelea kwa tofauti ndogo sana. Mapafu yakiwa yamejaa hewa, mtu huelea. Akitoa pumzi yote, wengi huanza kuzama. Mapafu yako kifuani, hivyo kifua ndicho kinachoinuliwa zaidi, ilhali mifupa na misuli mizito ya miguu iko chini. Aliyetulia na kulaza kichwa majini huweza kukaa hivyo muda mrefu. Aliyeogopa hufanya vitu vitatu vinavyomzamisha: huinua kichwa, na kila kilichotoka majini hakibebwi tena na maji bali kinakuwa mzigo; huchukua pumzi fupifupi za juu juu, hivyo mapafu hayajai; na hukaza miguu akiielekeza chini kutafuta sakafu. Hofu ya kuzama ni ya ajabu kwa sababu ina uwezo wa kujithibitisha yenyewe ndani ya sekunde chache. Hofu ya jicho haina uwezo huo. Kutazama korongo kupitia kioo hakukivunji kioo.

Kwa nini ustadi wake wa kina kifupi haukuvuka pamoja naye? Jibu ninaloliamini linatoka kwa Karen Adolph, mtafiti wa jinsi watoto wanavyojifunza kujisogeza. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 2000 aliwaweka watoto wa miezi tisa na nusu kwenye ukingo wa pengo, mara wakiwa wameketi na mara wakiwa katika hali ya kutambaa. Walikuwa wazoefu wa kuketi na wageni wa kutambaa. Walipoketi, walipima vizuri ni pengo gani linaloweza kufikiwa na lipi ni la hatari. Watoto haohao, mbele ya pengo hilohilo, walipowekwa katika hali ya kutambaa walijitosa kwenye mapengo ambayo yasingevukika, na ilibidi wadakwe. Walichojifunza kilikaa ndani ya mkao waliojifunzia.

Mwanafunzi wangu alijua kuogelea akiwa amelala kifudifudi. Mkao wa wima ndani ya maji, pasipo sakafu, hakuwahi kuwa nao hata mara moja, kwa sababu kwenye mita 1.2 kila alipokuwa wima alikuwa amesimama. Kila mapumziko yake yalikuwa ya miguu chini. Kwa maneno mengine, alikuwa ameishi na sakafu kama sehemu ya mtindo wake wa kuogelea, na hakuna aliyeliona hilo kwa sababu lilitokea katikati ya mazoezi, wakati wa kupumua.

Kuhusu chanzo, ndugu zake walikuwa na hakika kwamba kuna jambo la utotoni amelisahau: labda alitumbukia mahali, labda alisukumwa. Yeye hakumbuki kitu, na mimi sikuchimba. Mwaka 1993 Ross Menzies na J. Christopher Clarke, watafiti wa Australia, waliwachunguza watoto 50 wenye hofu kali ya maji. Zaidi ya nusu ya wazazi walisema mtoto aliogopa tangu alipokutana na maji kwa mara ya kwanza, na kisa cha ajali iliyoanzisha hofu kilikuwa nadra mno. Nako New Zealand, Richie Poulton na wenzake walitumia kumbukumbu za watoto wa Dunedin waliofuatiliwa tangu kuzaliwa mwaka 1972 na 1973. Walioanguka na kuumia vibaya kati ya miaka 5 na 9 hawakuwa na hofu zaidi ya mahali pa juu walipofika miaka 18. Hesabu zilielekea upande wa pili. Waliopanda sana ndio walioanguka sana, na kupanda sana huitengua hofu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa namna hii si nini kilimpata, afadhali kumuuliza ni nini hakuwahi kukipata. Hakuwahi kuwa wima kwenye maji marefu na kukuta yuko salama.

Jambo moja la nje nililichunga, nalo ni uso wangu. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliishusha meza ya kioo hadi kina cha sentimita 30 hivi, kiasi cha kumfanya mtoto wa mwaka mmoja asite bila kukata shauri, kisha wakawaelekeza akina mama waonyeshe sura fulani. Kati ya watoto 19 walioona uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 walioona uso wa hofu hakuvuka hata mmoja. Mtu mzima si mtoto wa mwaka mmoja, lakini anapokuwa njia panda hutazama uso uleule. Mwalimu anayechuchumaa ukingoni ameshika fito ya uokozi huku akikodoa macho ameshatoa jibu. Tulifanya mazoezi yote mimi nikiwa majini, mwokoaji akiwa mahali pake pa kawaida, na mazungumzo yetu yakiwa ya mambo mengine kabisa.

Tulianza na miguu, tena kwenye kina kifupi. Mpangilio huo una sababu: ningeanza na jicho, angevuka mteremko kisha akutane na ule mshtuko wa pili, na mshtuko mmoja kama huo hufuta mengi. Sheria ilikuwa moja, kwamba kupumzika kusiguse sakafu. Akichoka ajigeuze kuelea chali, masikio ndani ya maji, kifua kimejaa pumzi. Ilimchukua muda kuliko nilivyotarajia, maana miguu ilishuka yenyewe kila mara. Baadaye tukahamia ukutani kwenye maji yaliyompita kichwa kwa kiasi kidogo tu. Akiwa ameshika ukingo alivuta pumzi, akaachia, akajiacha ashuke wima bila kupiga mkono wala mguu. Alishuka hadi utosi ukafunikwa, akakaa kidogo, akapanda mwenyewe.

"Yamenirudisha," alisema.

Nilimwomba arudie akitoa pumzi kidogo kila mara zaidi ya mara iliyotangulia, ili aone mwenyewe ni hewa ndiyo inayofanya kazi. Kwa macho yangu zoezi hili moja ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko mengine yote, nami nashangaa kwamba madarasa mengi ya watu wazima hulifikia mwisho kabisa, yakilifikia.

Jicho lilifuata, na hapo kazi ilikuwa ya subira zaidi kuliko ustadi. Akiwa na miwani, ameshika ukuta juu ya ukingo, uso ndani ya maji, kazi ilikuwa kutazama tu. Kila alipoinua uso nilimuuliza hofu iko wapi kati ya sifuri na kumi. Mwanzo alisema nane. Nilimwomba aendelee kutazama hadi namba ishuke yenyewe, asiondoke ikiwa juu, kwa sababu anayeondoka kileleni hujifunza kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa. Ilishuka hadi tatu. Kisha akavuka kando ya ukuta, kisha mbali kidogo na ukuta, kisha mshazari, kisha kutokea kina kirefu kuja kifupi, jambo lililomwonyesha sakafu ikimpandia. Boya la kushika nilimkatalia tangu mwanzo. Boya humfanya mtu avuke, lakini sifa zote huchukuliwa na boya.

Hatimaye alikata urefu wote wa bwawa, akajigeuza chali katikati ya kina kirefu, akapumzika, akaendelea.

Halafu alikwenda kwenye bwawa lingine, lenye vigae vya rangi ya giza, na hofu ikarudi hadi sita. Aliporudi kwangu alikuwa ameudhika, akidhani kazi yote imepotea. Haikupotea. Kilichojifunzwa bwawani kwetu kilifungamana na vigae vyetu, mwanga wetu na ukuta wetu, na hofu ya zamani haifutiki. Hufunikwa na mafunzo mapya ambayo yana nguvu zaidi pale yalipofundishiwa. Dawa ni kubadilisha mahali mapema, kabla mafunzo hayajaganda sehemu moja. Alirudi kwenye lile la giza akafanya mlolongo uleule kuanzia kuzama wima, na safari hii ulikwenda haraka zaidi, kwa kuwa miguu ilishajua kazi yake na kilichobaki kilikuwa jicho peke yake.

Limebaki jukwaa la kurukia. Alipanda siku moja kwa hiari yake, akasimama juu, akatazama, akashuka kwa ngazi. Sikumhimiza. Hapo hofu inahusu kuanguka kwa kweli, kupitia hewani, kukiwa na kasi na pigo la maji mwishoni, na sikio la ndani litakuwa na la kusema ambalo halikuwa nalo katika kuogelea. Akitaka tutaanza upya, kwa kukaa ukingoni mwa bwawa miguu ikiwa majini na kujiangusha mbele. Mpaka sasa hajataka, na kuogelea kwake hakuhitaji.